Mama na Mkwewe Ndani ya Ndege Moja

Kwa Khisa, Amerika
Jumapili, 21 Agosti 2005

Mdogo wangu Nangila,

Pokea salamu nyingi kutoka huku mbali kwa ndugu yetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Makokha na watoto, na kwamba mvua ya Tongaren haijalaza mahindi yenu. Yule mdogo ameanza kuota meno? Sisi huku miili ni mizima. Kabura wangu anakusalimu, amenona kwa maziwa ya huku, ambayo hukaa wiki nzima bila kuganda, jambo ambalo Mama amelikataa kabisa na hayanywi. Khisa anakusalimu, na mkewe Chepchumba pia. Mtoto wao mchanga, Wabwile mdogo, analia kwa sauti nzito kama ya marehemu Baba, na paji la uso ni lake pia, usiulize mara mbili.

Utashangaa kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Simu ya Khisa iko sebuleni, na sebuleni kuna masikio. Pia hii si habari ya kusema huku mtu anahesabiwa dakika. Keti chini, mwambie Makokha akuachie nafasi, usome pole pole.

Unanijua nilivyo. Watu wengine huzaliwa na macho mawili, mimi nilizaliwa na la tatu la kuchungulia. Mtu akinisalimu kwa furaha iliyozidi kidogo, naanza kujiuliza anataka nini. Muturi hunitania kwamba ningeandikwa kazi ya upelelezi kama si ile ya kupima dawa za mifugo dukani. Basi jua kwamba safari hii yote nimeisafiri na hiyo tabia yangu, na imenifikisha mahali sikupenda kufika.

Ilianza Machi. Wahome, yule anayeuza spea karibu na duka letu hapo Kitale, alinijia akicheka akaniuliza siku hizi mume wangu anabeba mama wa nani nyuma ya pikapu. Alisema amemwona Muturi mjini Bungoma, na nyuma kwenye pikapu, juu ya magunia, ameketi mama mzee aliyejifunika leso kichwa mpaka kidevu, na kiti cha mbele kiko wazi. Ati alidhani ni gunia la maharagwe mpaka lilipopiga chafya. Mimi nikacheka kwa meno tu. Jioni nilimwuliza Muturi alikopitia, akanitajia Kimilili kupeleka mbegu, kisha Lwakhakha kwa wateja wa mpakani. Bungoma hakuitaja.

Nangila, nilianza kazi. Nilinusa mashati. Nilipekua pikapu nikapata chini ya kiti kifuniko kidogo cheupe cha plastiki, nikaamua ni cha chupa ya manukato. Nikapiga hesabu zangu zote zikatoa jibu moja: huyu mtu ana mwanamke Bungoma, na yule mzee ni mama wa huyo mwanamke. Tena nilijua kwa nini ameketi nyuma. Ni mama mkwe! Ni Mbukusu kama sisi, hawezi kukaa kiti kimoja na mkwe wake! Nilijiona nina akili sana.

Maana unakumbuka heshima ya kwetu ilivyomsumbua Muturi mwanzoni. Kwao, kwa baba yake Mzee Hiram, mkwe huheshimiwa, ndiyo, lakini si kwa kukimbiana. Alipokuja mara ya kwanza baada ya harusi alimfuata Mama hadi jikoni na mkono wa salamu umenyooshwa, Mama akatoka kwa mlango wa nyuma akazama kwenye mahindi, akakaa humo mpaka mgeni alipomaliza chai akaenda. Wewe na mimi tulicheka mpaka tukashika mbavu. Ikabidi shangazi amweleze kwamba hajachukiwa, kwamba kwetu mama hamtazami mkwe usoni, hampi mkono, hali mbele yake, hataji jina lake, na akilala mkwe asimwone, na hawezi kabisa kulala chini ya paa la mkwe. Tangu hapo Muturi akifika hukohoa langoni, husubiri kidogo, ndipo aingie. Miaka yote hiyo hawajawahi kutazamana. Ndivyo nilivyojua mimi.

Basi tiketi zikaja. Khisa karatasi zake hazijakaa sawa za kumruhusu kutoka na kurudi, na Mama alikuwa hajamwona tangu aondoke, na sasa kuna mjukuu mwenye jina la Baba. Wewe ulikuwa na mtoto wa kunyonya, kwa hiyo Khisa akaomba sisi tumlete. Nilikwenda Kimilili kumwambia Mama nikiwa nimejiandaa kubembeleza siku mbili. Nilijua atauliza atakaaje ndani ya ndege moja na mkwe safari ndefu namna hiyo. Aliniuliza jambo moja tu, kama Muturi atakuwepo. Nikasema yupo. Akasema sawa.

Sawa tu! Mama ambaye hubadilisha benchi kanisani akisikia kikohozi cha Muturi! Nilirudi Kitale kichwa kimevimba kwa maswali. Na hapo hapo Khisa akapiga simu, akasema kwa mzaha kwamba shule za huku zinafunguliwa Septemba, tumwachie Kabura asome na awe mwenzake Wabwile. Mimi nikasema mtoto si kuku wa kuachiwa jirani. Muturi alicheka, hakusema ndiyo, hakusema hapana. Kesho yake akachukua cheti cha kuzaliwa cha Kabura na kadi yake ya kliniki, akasema ajenti wa safari amevitaka. Nikaliweka hilo pia moyoni, pamoja na kile kifuniko.

Safari yenyewe sasa. Ajenti alikuwa ametupa viti vinne vilivyofuatana, na Mama katikati, bega kwa bega na Muturi. Ndege haijaondoka Nairobi, Muturi alikwisha kumwita mhudumu, akaomba kiti kingine, akapelekwa nyuma kabisa karibu na choo. Nilimsifu moyoni. Lakini Mama hakutulia. Chakula kilipoletwa aliniuliza yule mtu ameketi upande gani. Nikamwambia yuko nyuma mbali, ale tu. Akasema mbali gani na nyumba ni moja, akavuta blanketi la ndege akajifunika kichwa, akala chini yake, sahani na yeye. Mzungu wa upande wa pili alitazama ule mlima wa blanketi ukitafuna mpaka akasahau chakula chake. Mara mbili Mama aligonga kikombe cha juisi nilichomwekea kando, kikamwagika. Nilimgombeza kama mtoto. Naona haya nikikumbuka.

Baadaye alisema anakwenda haja. Nikataka kumsindikiza, akakataa, akasema yeye si mgonjwa. Alikwenda akikamata mgongo wa kila kiti. Alikawia. Nikainuka kumfuata, na nikakuta nini? Muturi amesimama nje ya mlango wa choo, ameupa mlango mgongo, anaongea na ukuta wa mbele yake kwa sauti ya chini: hapo kwa mkono wa kulia, shika, vuta kwako. Na sauti ya Mama kutoka ndani inamjibu, tena bila aibu wala kusita, kama watu waliozoeana! Nilirudi kwenye kiti kabla hawajaniona. Kwa hivyo wanaongea. Tangu lini? Na kwa nini mimi sijui? Yule mwanamke wangu wa Bungoma alikufa hapo hapo, mawazo yakahama.

Tulipobadilisha ndege Ulaya nilimpeleka Kabura kunawa uso. Ule uwanja ni mkubwa kuliko soko la Kimilili mara nyingi, una ngazi zinazotembea zenyewe, na watu wanakimbia kila upande. Niliporudi sikuwakuta nilipowaacha. Nikatazama huku na huku, nikawaona mbali wanatembea. Muturi mbele, Mama nyuma, na kati yao leso ya Mama imekazwa, ncha moja mkononi mwa Muturi na nyingine mkononi mwa Mama. Hawagusani, hawatazamani, lakini anamwongoza. Niliharakisha nikawakaribia kwa nyuma, na kabla hawajajua nipo nikamsikia Mama akisema, kwa ile sauti yake, “Usimwambie Nakhumicha bado. Tukifika kwa Khisa ndio atajua. Akijua hapa atareta kererere, aturudishe nyumbani.”

Nangila, ungekuwa wewe ungefikiri nini? Mimi nilimkamata Kabura mkono mpaka akalia. Yote yalipangana mara moja: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, shule za Septemba, nguo za baridi ambazo Muturi alimnunulia kubwa kuliko mwili wake. Wamekubaliana kumwacha mtoto wangu huku. Na jambo lenyewe ni kubwa kiasi kwamba Mama amevunja heshima ya miaka yote kwa ajili yake. Kwenye ndege ya pili nilimweka Kabura mapajani, mkanda juu yetu wawili, mpaka mhudumu akanikemea. Nilimfuata Muturi kule nyuma nikamwuliza kama kuna neno anataka kuniambia. Alinitazama kwa uchovu, akasema, “Tukifika, Mama Kabura. Tukifika utajua kila kitu.” Nilirudi nikakaa na mtoto wangu na chuki yangu.

Sasa fika nami kwenye dirisha la pasipoti. Muturi yuko mbele na pasipoti zote nne. Afisa ni kijana mwenye mikono minene kama ya msukuma mkokoteni. Akataka familia yote isogee pamoja. Mimi na Kabura tukasogea. Mama akabaki kwenye mstari, ametupa mgongo. Afisa akamwita kwa kidole. Akaja hatua chache, akaona hatua inayofuata itamgusanisha bega na mkwe, akajifunika leso usoni akarudi kinyumenyume, akamkanyaga mtu aliyekuwa nyuma. Afisa akaniambia nimwulize amekuja na nani. Mama akatazama sakafu. Nikamwambia amtaje tu. Akakataa kutaja. Afisa akamwinamia Kabura na kumwuliza kwa upole kama bibi na baba wanapendana. Na huyu mtoto, kwa kile Kiingereza chake cha akademia tunachokilipia, akamjibu kwamba Kukhu hajawahi kuongea na baba, na baba akija nyumbani Kukhu hukimbia akajificha kwenye mahindi.

Yule afisa aliweka kalamu chini. Wakaja wengine. Hakuna aliyetupigia kelele, lakini Muturi alipelekwa mlango wake, Mama wake, na mimi wangu. Kabura akapewa penseli za rangi na karatasi mahali ninapomwona kupitia kioo.

Waliniweka na afisa mwanamke, mtu mzima mwenye sauti nzuri, akanipa maji. Aliniuliza kama nimesafiri kwa hiari yangu. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama mama yangu anamwogopa mume wangu. Nikamweleza ni heshima ya kwetu, lakini nilieleza kwa haraka na vibaya, kama mtu ambaye akili yake iko kwingine. Kisha akaniuliza kama kuna jambo lolote kuhusu safari hii ambalo mume wangu ananificha. Nilimjibu. Nilichomjibu nitakuandikia hapo chini, maana bado nakusanya nguvu.

Tulikaa sana. Nilidhani ni mambo ya karatasi tu. Mwishowe mkubwa wao akaagiza wote tuwekwe chumba kimoja, pamoja na mkalimani kwenye simu, mwanamke wa pwani mwenye Kiswahili kilichonyooka mpaka Mama akaniuliza kama hiyo ni redio. Muturi aliletwa mwisho. Jasho lilikuwa limemtoka na kola imefunguka. Hakunitazama. Mkubwa akasema, na mkalimani akatuambia, kwamba mtu huyu ameulizwa mara nyingi anaficha nini na amekataa kujibu, na kwamba bibi haonyeshi dalili ya kumfahamu. Kama hakuna mtu wa kueleza, mwanamume atarudishwa kwa ndege inayofuata, na huenda nasi pia.

Mama aliuliza kama atarudishwa kabla ya kumwona Khisa na mtoto. Mkalimani akauliza. Mkubwa akasema ndiyo.

Hapo Mama akasimama. Akavua leso kichwani akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza. Akasema Muturi asogee. Alimwita hivyo, Nangila, kwa jina lake, “Muturi”, kwa mara ya kwanza tangu niolewe naye. Muturi akabaki ameinamisha kichwa, hajui afanye nini, mpaka Mama akamwambia asogee karibu zaidi na ainame. Akainama. Mama akamshika uso kwa mikono yote miwili, akausogeza mbele ya uso wake mwenyewe karibu kabisa, akautazama. Alimtazama muda mrefu, paji, pua, mdomo, huku akikigeuza kichwa kidogo kidogo. Kisha akasema, “Kumbe uko na kovu hapa kwa nyusi. Na wewe si mweusi vile walisema.” Muturi alianza kulia kimya kimya, machozi yakapita kwenye vidole vya Mama.

Ndipo Mama akamwambia yule mwanamke wa simu awaambie wazungu hivi. Kwamba macho yake yanakufa. Ni presha ya macho, ilianza zamani, sasa pande zote mbili zimefungwa na anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na hilo bomba linaendelea kuwa jembamba. Kwamba mwaka jana siku ya soko alikuwa anavuka barabara Kimilili, hakuona lori, na aliyemvuta mkono ni mkwe wake, aliyekuwa amekuja kushusha mbegu. Alimgusa, na Mama yuko hai kwa sababu aliguswa. Tangu hapo Muturi amekuwa akimpeleka kwa daktari Bungoma, yeye nyuma kwenye magunia ili heshima ibaki, na Muturi humnunulia dawa ya matone. Daktari amesema kilichopotea hakirudi. Hilo ndilo jambo analolificha. Alimwapisha asiwaambie binti zake, kwa sababu binti wakijua watamchukua waende naye kwao, na kwao ni kwa wakwe, na yeye ana mwana wa kiume mmoja tu na mwana huyo yuko Amerika. Angekaa wapi? Amekuja kuuona uso wa Khisa, na wa mtoto mwenye jina la mumewe, wakati bado upo mwanya wa kuwaona. Akamalizia kwamba huyu wanayemshika kama mwizi ni mtoto wake, na kama ni kurudishwa basi wamrudishe yeye.

Sasa unajua kwa nini alikupita mlangoni pa kanisa Pasaka bila kukusalimu, ukanuna mwezi mzima ukisema ana kiburi. Ulikuwa umesimama kando. Unajua pia vikombe anavyovunja, na kwa nini hakutaka nimsindikize chooni kwenye ndege. Na kile kifuniko cha manukato kilikuwa cha dawa ya macho. Vyeti vya Kabura vilitakiwa kweli na ajenti, basi, na nguo zilikuwa kubwa kwa sababu Muturi hajui kununua nguo.

Mkalimani aliyatafsiri, na alipomaliza sauti yake haikuwa ya redio tena. Yule mkubwa aliuliza maswali mawili matatu, akatazama ile chupa ya matone Mama aliyoitoa kifuani, akagonga mihuri. Kabura akarudishwa na picha aliyochora ya ng'ombe. Nje tulimkuta Khisa amenenepa, ana kipara kinachoanza. Mama alitembea moja kwa moja akampita, kwa sababu alikuwa amesimama kando, na Muturi ndiye aliyemgeuza bega taratibu mpaka mwana akawa mbele yake.

Khisa amelia sana. Amempeleka Mama kwa daktari wa huku, naye amesema yale yale ya Bungoma, matone yaendelee ili kilichobaki kikae. Mama hataki huruma ya mtu. Asubuhi hukaa na Wabwile mdogo mapajani, amemwinamia, anamsoma uso. Na sasa anakula meza moja na Muturi. Siku ya kwanza alijifunika, siku ya pili akasema amechoka kula na blanketi.

Sasa lile jambo. Nimelizunguka vya kutosha.

Kila asubuhi tangu tufike, kabla ya chai, Mama humwita Muturi na kumwomba msamaha. Anasema yeye ndiye aliyemponza, kwamba ni kwa sababu ya leso yake na mgongo wake kule dirishani ndiyo mkwe alifungiwa chumbani na kutishwa kama mhalifu. Anaomba kwa unyenyekevu unaouma. Muturi humjibu kwamba hakuna kosa, Mama, kunywa chai. Na mimi nipo hapo hapo, namimina hiyo chai.

Nangila, si leso. Yule afisa mwanamke aliponiuliza kama mume wangu ananificha kitu, nilimwambia ndiyo. Nilimwambia kwamba mume wangu na mama yangu wana mpango kuhusu mtoto wangu, na kwamba simwamini, na nikamwomba wasimwachie pasipoti ya Kabura. Nilisema kwa Kiingereza kizuri, nikiwa nimekaa wima, nikiona nimepata watu wenye nguvu wa kunisaidia. Yeye akaandika yote na kutoka haraka. Kilichotokea dirishani wangekimaliza kwa dakika chache, waliona mama mzee mwenye aibu zake. Ni mdomo wangu uliomfungia mume wangu. Nilipomwona analetwa na jasho, nilijua, na bado nikatazama sakafu.

Leo asubuhi, baada ya Mama kuomba tena, nilimfuata Muturi jikoni alikokuwa akimkatia Kabura mkate. Nikamwambia yote, bila kujitetea. Hakugeuka. Alisema anajua. “Waliniuliza kwa maneno yako yale yale,” akasema, “mkeo anasema una mpango kuhusu mtoto, ni mpango gani.” Nikamwuliza kwa nini basi hakuwaambia ukweli akatoka. Akasema ukweli haukuwa wake, alikuwa ameapa kwa Mama, na hakutaka mimi niusikie kwanza kutoka kwa mgeni aliyevaa bastola. Nikamwuliza kwa nini amekuwa akimwacha Mama aombe msamaha siku zote hizi. Hapo ndipo alipogeuka, na kisu bado mkononi, na nikaona amechoka nami kwa namna ambayo sijawahi kuona. Akasema amemwambia Mama kila siku kwamba kosa si lake. La nani, hawezi kumwambia, kwa sababu huyo ni mama yangu. Hilo ni langu la kusema.

Kwa hiyo usimwambie shangazi wala mtu yeyote habari za macho mpaka turudi, na Mama akikuuliza, hujui kitu. Anza kufikiri tutamjengea wapi, mahali ambapo si chini ya paa la mkwe lakini mtu akiita anasikika. Muturi ana wazo lake kuhusu ule upande wa shamba letu wenye mlango wa barabara, ila ni wewe na Khisa mtakaosema kwanza.

Mama yuko dirishani na mtoto sasa hivi, peke yake, na nyumba imetulia. Nimeandika pole pole makusudi, Nangila, kwa sababu barua ikiisha sina kisingizio kingine cha kutokwenda kukaa mbele yake, mbele kabisa ambapo anaweza kuniona.

Msalimie shemeji Makokha na watoto wote, na majirani wanaoniulizia kwa nia njema. Wanaoniulizia kwa umbea waambie nimenona. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Nakhumicha, Mama Kabura